Eneo Tupu

Kwenye ramani ya shirika, pwani ya Bwejuu,
kutoka mkokoni hadi mwambani,
paliandikwa maneno mawili: eneo tupu.

Basi pegi zikaja kwa lori, mia sita,
zikagongwa kwa nyundo maji yalipokupwa,
na familia kumi na tisa zilizotoka bara
zikapewa kamba za nailoni, mbegu ya mwani,
buti za mpira, na mtu wa kuwasemea.
Mtu huyo ni mimi. Karani. Mzaliwa wa hapa hapa.

Pegi moja, sijui ya ngapi,
iliingia katikati ya shimo la Bi Mwaka Simai,
ikatoboa makumbi aliyoyafukia tangu mfunguo mosi
chini ya mawe ya mama yake, na ya mama wa mama yake.
Hakupiga kelele.
Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa uani,
na toka siku ile hodi za wageni
zilirudi kama zilivyokwenda.

Mwaka mzima. Ndoo za Otilia Komba
zilikaa mwisho wa foleni ya bomba
hadi maji yakatike.
Wanawe huko skuli waliitwa Pegi, mkubwa na mdogo.

Shirika likasikia. Likaitisha kikao cha maridhiano:
turubai, soda baridi, bango la mikono miwili ikishikana,
juu yake: Mgeni njoo, mwenyeji apone.
(Apone nini, ikiwa hakuulizwa anaumwa wapi?)
Na karatasi ya mahudhurio, safu tatu:
Mgeni. Mfadhili. Mshiriki.
Bi Mwaka akaishika mbali na macho, akauliza,
"Na mwenye pwani anaandikwa wapi?"
Nikatafuta. Nikageuza na nyuma.
Akaiweka chini ya chupa ya soda isipeperuke,
akaondoka, na nusu ya turubai ikaondoka naye.
Posho zilirudi mjini ndani ya bahasha.

Sijui nani alimshauri mkurugenzi, Bi Zuwena.
Bamvua iliyofuata alishuka pwani
bila gari, bila bango, viatu mkononi,
Otilia nyuma yake,
mimi nyuma ya Otilia, nikijificha kidogo.
Bi Mwaka keshainama shimoni. Hakunyanyua kichwa.
"Mkitaka kusema, kwanza toeni mawe."

Wakatoa mawe. Ikatoka ile harufu
ya makumbi yaliyolala matopeni miezi saba.
Asiyezaliwa nayo hutema mate.
Bi Zuwena alitema. Otilia hakutema.
Akasema kwao, Mbamba Bay,
mihogo huloweshwa hadi inuke hivi hivi,
na ndiyo unga, na ndiyo ugali wa harusi.
Bi Mwaka akamtazama, mara ya kwanza.
"Mihogo?"
"Mihogo."
"Mungu ana mambo," akasema, akaing'oa ile pegi,
akaipima uzito kiganjani. "Mti hafifu. Lakini utapiga makumbi."

Usidhani walikumbatiana.
Pandu Vuai mpaka leo hupita njia ya juu
asikutane na wanawake wa mwani,
na bomba lina maneno yake.
Lakini ramani tuliichora upya, maji tisa,
Bi Mwaka anataja, mimi naandika:
shimo la Mize. Shimo la Kibibi Ameir.
Shimo la marehemu Tatu, lisiguswe.

Tulipofika lake, alinyamaza.
Akaikunjua ramani ya zamani,
akaweka kidole chenye tope juu ya yale maneno mawili.
"Mwandiko huu naujua," akasema.
"Miaka mitano umeniandikia barua
kwenda kwa mwanangu, Maskati."

Fomu iliuliza: nani analitumia eneo hili?
Nafasi ilikuwa ndogo. Jua lilikuwa kali.
Nilitaka kumwambia hivyo,
na ulimi ukakataa kubeba.

Akanipa pegi.
Akanisogezea rundo, bado linachuruzika.
"Piga," akasema. "Mpaka iwe usumba."